Usukani Upande wa Mto

Zuena binti Mrisho alikuwa mnakili wa michoro katika ofisi moja ya umwagiliaji pale Mbeya, na kazi ya mnakili, kama alivyoambiwa siku ya kwanza, ni kunakili. Unatandika karatasi nyembamba juu ya mchoro wa penseli, unapita na wino kila mstari, basi. Kufikiri kuna wenyewe, na hao wenyewe wana meza zao dirishani. Ndivyo alivyosema Bwana Sedekia, mchoraji mkuu, mtu mwema lakini mgumu kama ugali wa jana.

Agosti ya mwaka sabini na tano alifika ofisini mkulima kutoka Usangu, jina lake Kashindye, Msukuma aliyehama kutoka kaskazini na ng'ombe wake akaja kunogewa na mpunga. Alitaka kujua kama ni kweli lango jipya la maji linachorwa. Lango la zamani, kule karibu na Chimala, lilikuwa la mbao, na kulifungua lazima uingie mtoni mpaka maji ya kifua. Masika iliyopita mdogo wake, Limbu, aliingia mto umejaa. Walimpata siku ya tatu.

"Mimi karatasi sijui kusoma," alimwambia Zuena, kwa kuwa meza yake ndiyo ilikuwa karibu na mlango. "Ninachoomba, dada, mtu afungue maji akiwa amesimama pakavu."

"Atasimama pakavu," Zuena akamjibu. Haya, nani alimtuma? Mnakili anaahidi kwa kalamu ya nani? Lakini neno likitoka limetoka.

Sasa, lango lile lilikuwa na baba wawili. Ukuta wa zege ulichorwa na wataalamu wa nchi moja, kwa mita. Lango lenyewe la chuma, pamoja na usukani wa kulifungulia, lilichorwa na wataalamu wa nchi nyingine, kwa futi na inchi. Bwana Sedekia aliunganisha michoro yote miwili ikawa mmoja. Futi na inchi alizigeuza vizuri mno, akazihakiki mara tatu, ofisi nzima ikamsifu. Ijumaa asubuhi akamkabidhi Zuena mchoro anakili, maana dereva Jailos alikuwa anasubiri kuupeleka Iringa. Mafundi wa karakana kule walikuwa waanze kukata chuma Jumatatu. Wakiikosa Jumatatu hiyo wangeshika kazi nyingine, na mvua haimsubiri mtu.

Zuena alinakili ukuta. Alipofika kwenye lango mkono ukasita. Kwenye mchoro wa Bwana Sedekia usukani ulikuwa upande wa mto. Akaufunua mchoro wa asili wa wale wageni wa futi. Lango lilipochorwa kwa mbele, kutoka upande wa shamba, usukani ulikuwa na mstari mzima, na mstari mzima maana yake kitu unakiona. Kingekuwa nyuma, kingechorwa kwa vistari vya kukatika. Mbona basi kwenye mchoro wa ubavu wa Bwana Sedekia umekwenda nyuma?

Alikaa. Akamkumbuka baba yake, Mzee Mrisho, mshona makoti wa Iringa. Alipokuwa na miaka kumi na miwili alimkatia baba mikono ya koti, na yote miwili ikatoka ya kushoto, kwa sababu hakukigeuza kigezo. Baba hakumpiga. Alimwambia tu, "Kabla hujakata, uliza kitambaa kimelala uso au mgongo." Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta, na binti wa fundi cherehani haisahau mikono ya kushoto.

Akapiga moyo konde, akachukua boksi tupu la majani ya chai, akachora duara la usukani usoni pake, akaenda nalo dirishani pamoja na ule mchoro wa asili.

"Bwana Sedekia, shikamoo. Naomba dakika mbili."

"Jailos yuko nje, binti Mrisho."

"Ndiyo maana nimekuja." Akaliweka boksi mezani. "Sisi ubavu tunauchora hivi." Akalibiringisha boksi kulia, ubavu wa kushoto ukaja juu. "Wale wa futi hawabiringishi. Wao wanakunjua." Akalikata kona kwa wembe, akaufungua ubavu wa kulia kama mlango. "Karatasini kote ubavu unakaa kulia, lakini si ubavu uleule. Sisi tumeusoma ubavu wao kwa desturi yetu, usukani ukaenda mtoni."

Wachoraji wa meza nyingine walijifanya wanachonga penseli. Zuena aliogopa, kusema kweli; tayari alijiona amerudi Iringa kushona vifungo. Bwana Sedekia alilichukua boksi, akalikunjua, akalikunja, akalikunjua tena, akautazama ule mstari mzima muda mrefu.

"Mita nilizihakiki mara tatu," alisema.

"Mita ziko sawa, Bwana."

"Mwambie Jailos akale kwanza." Kisha akasogeza kiti chake pembeni, akavuta cha pili. "Lete wino wako. Njoo ukae hapa."

Saa tisa alasiri Jailos aliondoka, akinung'unika, na mchoro sahihi pembeni yake.

Lango lilisimikwa mwishoni mwa Novemba, na Zuena alipelekwa kuliona. Kashindye alikuwa wa kwanza kufika. Alikuwa amevaa viatu vyeusi vya ngozi, vimempwaya, vimepakwa rangi vikang'aa kama vya kwenda harusini, na wenzake walikuwa wanamtania: mpunga siku hizi unalimwa na viatu?

Kashindye alisimama kwenye zege, upande wa shamba, akauzungusha usukani kwa mikono miwili. Chuma kililia kidogo, kisha maji yakaanza kupita chini yake, yakaingia mferejini na majani na povu, na watu wakayafuata wakicheka.

Kashindye alibaki. Alikuwa anatazama chini, na Zuena akasogea.

"Ni vya Limbu," alisema. "Alivivua siku ile, akaviacha ukingoni ili visilowe."

Akainua mguu mmoja, akapitisha kidole kwenye soli, akamwonyesha. Kidole kilikuwa na vumbi.