Wanamwita Mwanangu Kichaa, Sasa Wanataka Nichague Mtoto Mmoja

Admin, jina langu lisitokee, maana mume wangu na ndugu zake wanausoma ukurasa huu. Nina miaka thelathini na moja, naishi Kibiti, nina watoto wawili wa kike. Mkubwa ana miaka minane, mdogo bado ananyonya.

Huyu mkubwa tangu aanze kutembea hajui kutulia. Ukimtuma chumvi, anarudi na kuku wa jirani. Anadakia maneno ya watu, anasahau madaftari, anaparamia kila kitu. Shuleni wenzake wanamwimbia, "Kichaa! Kichaa!" Baba yake anamchapa kwa waya. Mama mkwe anasema ana jini, tena limetoka upande wangu, maana "kwetu hatujawahi kuzaa kitu kama hiki." Kitu! Na mwanangu anasikia.

Msimu wa mpunga uliopita, mume wangu akampeleka kwa mama yake, visiwani upande wa Mbwera, bila kuniambia. Nikapanda boti kumfuata. Nilimkuta shambani juani, amefungwa kamba mguuni kwenye nguzo ya dungu, kile kibanda cha juu cha kulindia mpunga. Kamba imekula nyama mpaka nzi wanatua. Mama mkwe yuko juu kivulini, anakula muhogo.

"Mwache," akaniambia. "Jini likichoka litaondoka lenyewe."

Nilimfungua, nikambeba hadi hospitali Utete. Daktari aliyemsafisha kidonda alimtazama asivyotulia, akaniuliza mengi: alianza lini, ni nyumbani tu au na shuleni, anasikia vizuri, analala vipi? Akatuandikia rufaa kwenda Dar. Huko walimpima, wakaniambia ana ADHD, yaani ubongo wake unapata shida kutulia na kushika jambo moja. Si jini, si jeuri, wala si malezi yangu. Wakampa dawa, wakanifundisha kumwagiza jambo moja moja na kumsifu akilimaliza. Mwalimu naye akakubali kumkalisha dawati la mbele. Admin, mwanangu alinisomea ukurasa mzima bila kuinuka. Nilijificha jikoni nikalia.

Mume wangu alipoviona vidonge, akavimwaga chooni. "Dawa za vichaa hazilali nyumbani kwangu! Nani atamuoa mdogo wake watu wakisikia?"

Wakaitisha kikao cha ukoo. Nikawaonyesha kovu la mguuni. Mama mkwe akasema, "Mbuzi wangu wana makovu makubwa kuliko hilo, na wametulia." Wanaume wazima wakacheka, mume wangu akiwemo.

Wameamua mkubwa arudishwe kwa bibi yake. Nikikataa, nichukue talaka yangu niondoke naye, lakini mdogo nimwache. "Huyo mzima ni wetu," shemeji alisema. Nilipotaja ustawi wa jamii, akanijibu, "Nenda, halafu uone kama utamkuta mtoto hapa ukirudi."

Jana nilikuwa namsuka mkubwa. Kwa mara ya kwanza tangu vidonge vimwagwe, alitulia mpaka nikashtuka. Akaniuliza, "Mama, mimi nikienda kwa bibi, mdogo wangu atabaki na wewe?"

Nikasema ndiyo, ndivyo wanavyotaka.

"Basi nipeleke."

Ijumaa wanakuja kuchukua jibu. Ndugu zangu, nyie mngekuwa mimi, mngemtoa yupi? Nishaurini kabla hawajafika.