Ubongo ulipaka rangi, ukuta ukabaki mweupe

Saa mbili asubuhi, viti vyote vya sebule vimesogezwa katikati na kufunikwa shuka kuukuu. Mama Brashi ameshika chaki. Anaugawa ukuta miraba, mmoja baada ya mwingine, kama ukurasa wa daftari la hesabu.

Kabla ya kuchovya rola, anasimama mbele ya mraba wa kwanza na kugeuza shingo. Kushoto, kulia, kushoto tena.

“Dada, hapo hakuna magari, vuka tu,” anasema mdogo wake wa kiume, anayepiga msasa kona ya pili.

“Cheka. Jumatatu tutaona nani anacheka.”

“Jumatatu nina kazi.”

“Kazi gani na bosi wako ni mimi?”

Mama Brashi ana miaka arobaini na saba, na kumi na tisa ameimaliza kwenye kuta za watu. Mafundi wenzake walimpa jina hilo kwa sababu hupaka mpaka wa dari na ukuta kwa mkono mtupu, bila kubandika mkanda, na mstari unatoka umenyooka.

Ndiyo maana yaliyotokea mwaka jana, ndani ya sebule hii hii, yalimvunja moyo.

Alikuwa amemaliza kupaka ukuta rangi ya kijani na anaosha vifaa vyake mwenye nyumba alipoingia. Mama huyo aliutazama ukuta, kisha akauliza, “Fundi, rangi ilikuishia?”

Upande wa kushoto kulikuwa na madoa matatu meupe, kila moja kubwa kama sinia. Mama Brashi hakuyaona. Alibisha. Mdogo wake alipomuunga mkono mwenye nyumba, alimgeukia kwa hasira.

“Nilimwambia, umeanza lini kunigeuka mbele ya wateja?” anakumbuka, akijicheka. “Mimi niliona kijani. Sikuona giza, sikuona ukungu. Kijani safi! Akanishika kichwa akakigeuza, na yale madoa yakatokea kama watu waliokuwa wamejificha.”

Hospitali walimkalisha mbele ya chombo kama bakuli kubwa jeupe na kumpa kitufe cha kubonyeza kila anapoona taa. Alikaa muda mrefu bila kubonyeza, akadhani mashine imelala. Haikuwa imelala.

Ilikuwa glakoma, ugonjwa ambao wengi huuita presha ya macho. Daktari alimweleza kwamba jicho hupokea mwanga tu. Ubongo ndio unaotengeneza picha. Kati yao kuna mshipa wa fahamu unaobeba habari, na ugonjwa huu huula mshipa huo polepole, mara nyingi bila maumivu.

“Nikamuuliza, sasa kama habari hazifiki, mbona nilikuwa naona? Akasema ubongo haupendi pengo. Unaangalia kilicho jirani na pengo, unakisia, unajaza. Akaniambia, ‘Ubongo wako ni fundi rangi kama wewe, tena haulali.’”

Alicheka mle ndani. Machozi yalikuja nje, kwenye benchi. Daktari alikuwa amemwambia pia kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi, ila kilichobaki kinaweza kulindwa.

Habari zilisambaa haraka kuliko dawa. Alikaa miezi mitatu bila kuitwa kazi hata moja. Chupa moja ya dawa ya matone ya macho, inayotosha mwezi, inakula malipo yake ya siku mbili. Ngazi ndefu amemwachia mdogo wake.

Chaki ni mbinu yake mwenyewe. Kama ubongo unajaza pengo kwa kukisia, yeye anaunyima nafasi: anageuza shingo kila mraba mpaka macho yafike kila pembe. Vipimo viwili vya mwisho vimetoka sawa. Pengo halijakua.

Lakini daktari alimwachia jambo moja zaidi. Ugonjwa huu hupita kwenye familia, hivyo ndugu wa damu nao wapimwe. Mdogo wake ana miaka arobaini na moja, na kwa miezi minane, kila akiambiwa waende wote kliniki ya Jumatatu, amekuwa na jibu lile lile.

“Mimi naona vizuri.”

Saa tisa alasiri mwenye nyumba anaingia. Ndiye aliyewaita tena baada ya kusikia kisa chote. Anatembea taratibu kutoka kona hadi kona, uso karibu na ukuta, kisha anarudi mlangoni.

“Nimetafuta mpaka nimechoka,” anasema. “Sijaona kitu.”

Mama Brashi anamwita mdogo wake. “Na wewe kagua.”

Anatupa jicho mara moja. “Safi, dada. Kijani mwanzo mwisho.”

“Ndivyo nilivyosema mimi mwaka jana. Pale pale uliposimama.”

Mdogo wake anaurudia ukuta kwa macho. Halafu, polepole, kama mtu asiyetaka kuonekana, anageuza shingo. Kushoto. Kulia. Kushoto tena.

“Hiyo Jumatatu,” anauliza, “tunatoka saa ngapi?”

“Saa moja. Na unywe chai kabisa, ile foleni si mchezo.”