Pilau la kipaimara: tulitumwa tutafute chanzo cha ugonjwa, tukakuta kila mtu alikula

Wakuu, salaam kwenu. Naanza na kilichonifanya nifungue uzi huu.

Kuna mama mmoja kule Mufindi, mpishi wa shughuli. Kamati ya sherehe ilimnyang'anya masufuria yake makubwa, yakafungiwa ofisi ya kijiji mpaka "watoto wa chuo" waseme kama pilau lake ndilo lililowalaza watu.

Watoto wa chuo tulikuwa sisi. Epidemiology tulikuwa tumeisoma semester moja tu.

Majina nimebadilisha na kijiji sikitaji. Mengine yote ni kama nilivyoyaona na kuyasikia.

Mimi ni mtu wa Ilomba, nasoma afya ya jamii katika chuo kimoja hapa hapa Mbeya. Mwaka wa pili ndipo tunakutana na Introduction to Epidemiology. Wengi tuliingia tukidhani ni somo la kukariri magonjwa. Kumbe ni somo la kuuliza: nani kaugua, wapi, lini, na ana tofauti gani na yule ambaye hakuugua.

Hilo la mwisho ndilo mwalimu wetu alikuwa analirudia kila kipindi. Siku ya kwanza alituuliza nani ana mafua. Kwa baridi ya Mbeya, mikono ikajaa. Akauliza tena, "Mlionyoosha mikono, nani alikunywa chai asubuhi?" Karibu wote.

Akageuka, akaandika ubaoni kwa herufi kubwa: CHAI INALETA MAFUA.

Kisha Fadhili, jamaa ninayekaa naye kiti kimoja, akasema, "Dokta, na mimi nimekunywa chai. Ila sina mafua."

"Huyo ndiye mtu ninayemtafuta," dokta akajibu. "Mkiniletea wagonjwa peke yao, nawapa sifuri."

Msimu wa mvua tukapelekwa field. Kundi letu lilipangiwa zahanati moja njia ya kwenda Mgololo. Ukungu mpaka saa nne asubuhi, mashamba ya chai, misitu ya mipaini. (Mnaotoka Dar, bebeni sweta la maana, hizo hoodie zenu haziwasaidii.)

Tulikuta kijiji hakina amani. Wiki iliyotangulia kulikuwa na sherehe kubwa ya kipaimara. Kesho yake watu wakaanza kutapika na kuharisha, nyumba baada ya nyumba. Tunashukuru hakuna aliyekufa. Sampuli za choo zilishachukuliwa kupelekwa maabara. Chakula hakikuwa kimebaki hata punje, vyombo vilishaoshwa.

Nesi wa zahanati, tulimwita Sista, akatuambia, "Mmekuja wakati wenyewe. Hii ndiyo practical yenu."

Ila kijiji kilishahukumu. Ni pilau. Mpishi, Mama Vumilia, anasomesha watoto kwa kazi hiyo, na Jumamosi iliyokuwa inakuja alikuwa na harusi ya kupika. Wenye harusi walimwambia wazi kwamba wanasubiri neno la zahanati.

Alitufuata siku ile ile tuliyofika. Hakupiga kelele.

"Wanangu, mimi sijui mlichosoma. Lakini mkiandika ni pilau, hapa nimekwisha. Nikapike wapi, Dodoma?"

Tukaandaa questionnaire. Kila kilichokuwepo kwenye sherehe tukakiweka: pilau, nyama, kabichi, kachumbari, soda, maji, togwa, ulanzi. Kwa wasioujua, ulanzi ni pombe inayogemwa kwenye mianzi, na msimu wa mvua ndio msimu wake.

Sasa, huku huwezi kuingia nyumbani kwa mtu na makaratasi yako bila mwenyeji. Tukapewa Mzee Mgaya, mtu mpole, anayejua kila njia ya pale. Tukifika anatangulia na salamu ya huku: "Kamwene!" Anaitikiwa, anauliza hali, anauliza mahindi, kisha anatutambulisha: "Hawa ni watoto wa chuo. Wajibuni ukweli, Mungu anawaona."

Tuliwauliza waliougua na wasiougua, kama tulivyofundishwa. Tulijiona tumeiva.

Tuliporudi zahanati Fadhili akachora jedwali. Waliougua: karibu wote walikula pilau.

Sista akaguna. "Si mnaona?"

"Subiri, Sista." Akajaza upande wa wazima. Karibu wote walikula pilau vile vile.

"Chai inaleta mafua," nikasema. Kundi zima likacheka, Sista akabaki anatushangaa. Tukamweleza kwamba pilau lilikuwa limeliwa na kila mtu, kwa hiyo halikutuambia chochote. Kabichi nayo haikutofautisha. Kachumbari vile vile. Nyama, soda, maji na togwa vile vile.

Kwenye ulanzi tukakuta hakuna mtu. Si mgonjwa, si mzima.

Fadhili akaigonga ile safu kwa kalamu. Yeye kwao ni Iringa mjini, familia ya wafanyabiashara.

"Mimi ni Muislamu, ulanzi sijawahi kuuonja," akasema. "Ila nimezaliwa Iringa. Sherehe Mufindi, mvua zote hizi, na hakuna aliyegusa ulanzi? Labda ilikuwa sherehe ya malaika."

Sista alicheka mpaka akashika meza. Kisha akauliza, "Kwani mlizunguka na nani?"

"Na Mzee Mgaya."

"Mzee wa kanisa."

"Ndiyo."

"Aliyewafundisha hao watoto mafundisho ya kipaimara. Anayewakataza wazazi wao pombe kila Jumapili."

Hapo ndipo nilipoelewa bias ni nini, yaani majibu kupinda kwa sababu ya namna ulivyoyatafuta. Darasani nilikuwa nimeikariri tu.

Baada ya siku mbili tukarudia nyumba zote. Safari hii tulikwenda na mhudumu wa afya wa kijiji, dada asiye na cheo kanisani, na Mzee Mgaya tukamwachia kazi ya kutupangia kikao na kamati. Majibu yakabadilika.

"We mtoto," mama mmoja aliniambia, "ungekuwa wewe, ungesema mbele yake?"

Nyumba nyingine baba akatueleza vizuri: "Dumu lilikuwa huko nyuma kwenye mianzi. Kikombe kilikuwa kimoja, kinazunguka. Mtu akiinuka anaaga kwamba anakwenda kuangalia ng'ombe."

Mkewe akadakia kutoka jikoni, "Ng'ombe gani? Tangu lini tuna ng'ombe?"

Safu ya ulanzi ikajaa. Waliougua, wengi walikunywa. Wazima, wachache sana. Fadhili akaanza kuandika ripoti pale pale. Mimi akilini nilishamwona Mama Vumilia akibeba masufuria yake kwenda harusini.

Lakini kuna kitu kilinikera. Maneno yalikuwa yanafanana mno. Nyumba tofauti, watu wasio ndugu, wote wanasema "kikombe kilikuwa kimoja, kinazunguka." Kwenye nyumba ya mwisho nikamuuliza dada mmoja kama kuna mtu alipita kabla yetu.

"Mama Vumilia alipita jana," akajibu bila wasiwasi. "Alituomba tuwaambie kuhusu ulanzi."

"Alipita nyumba zote?"

"Hapana. Za waliougua."

Wakuu, tafakarini hapo kidogo. Kama walioombwa kusema ni wagonjwa peke yao, basi ni kawaida wagonjwa ndio waseme walikunywa. Wazima inawezekana walikunywa vile vile, na hakuna aliyewasukuma kukiri. Ile tofauti nzuri kwenye jedwali letu ingeweza kuwa imetoka kwenye ulanzi, na ingeweza kuwa imetoka kwenye miguu ya Mama Vumilia.

Tukaenda kwake. Hakuficha.

"Ndiyo, nilipita. Kwani nilimwambia mtu adanganye? Nilisema kila mtu aseme alichokunywa."

"Na nyumba za wazima, mama?"

"Niende kufanya nini? Wao hawanilaumu."

Tukaaga, tukarudi zahanati.

Tulimpigia dokta simu. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Andikeni mlichopata, na andikeni mlivyokipata. Msimpendelee mtu." Akakata.

Kikao kilikuwa Alhamisi, ofisi ya kijiji. Nilisimama mimi. Nikasema hatuna ushahidi kwamba ni pilau. Nikasema huenda ni kinywaji, lakini majibu tuliyopata hayatoshi kusema hivyo.

Mwenyekiti akauliza, "Kwa hiyo ni ulanzi?"

"Hatuwezi kusema, mzee."

"Ni pilau?"

"Hatuna ushahidi."

"Sasa huko chuo mnasomea nini?"

Watu wakacheka. Mzee Mgaya akainuka, kofia mkononi. "Ulanzi upi huo unaosemwa? Kwenye sherehe ile hapakuwa na ulanzi." Alisema kwa upole kabisa, na nadhani aliamini. Baba wa ng'ombe alikuwa amekaa mstari wa mbele, akiangalia bati la paa.

Kamati ikaamua Mama Vumilia arudishiwe masufuria kwa kuwa hakuna kilichothibitika. Akayachukua siku hiyo hiyo. Ila wenye harusi walishatafuta mpishi mwingine kutoka Mafinga.

Nilichojifunza: kuuliza wazima na wagonjwa ni mwanzo tu. Angalia nani amesimama pembeni yako unapouliza, na nani alipita kabla yako. Na kama hujui, sema hujui, hata kama kuna mtu anasubiri jibu lako ili apate kazi. Ripoti yetu ilipata alama nzuri. Sikuifurahia kama nilivyotarajia.

Mliopita kwenye kazi hizi, manesi, mabwana afya, watu wa utafiti: ninyi mngeanzia wapi? Mngemwambia nini yule mama? Wekeni hapa chini, hata matusi nitayasoma.

Jana nilizungumza na Sista. Majibu ya sampuli hayajafika zahanati. Tangu kikao kile kijiji kimeshafanya sherehe mbili, na Mama Vumilia hajaitwa hata moja.