Karani wa Matanga, Miritini

Menza wa Nguma alikuwa karani wa chama cha mazishi cha Miritini, na kazi hiyo aliipenda kuliko chakula. Ukifiwa, hujamaliza hata kulia, Menza yuko mlangoni na daftari kwapani. Mle mlikuwa na majina ya wanachama mia tatu na ushei, na nambari zao za simu na za vitambulisho. Mwanachama akifa, jina lake halikatwi. Wazee waliomwachia daftari walimwambia kwamba kumpigia maiti mstari ni kumzika mara ya pili. Basi marehemu wakakaa mle na walio hai, bega kwa bega, kama kanisani.

Mchana alikuwa akifagia nyumba moja ya ghorofa karibu na stesheni. Kibao kilisema ni ofisi ya utafiti wa kilimo, ingawa Menza hakuwahi kuona hata mche wa muhogo. Vijana sita, kompyuta, mapazia yasiyofunguliwa. Mkubwa wao, Griffin, mtu wa bara, alikuwa na adabu zake. Alimkaribisha chai, akamuuliza habari za marehemu mkewe. Hakuna mwingine aliyemuuliza. Na mtu mpweke, ndugu zangu, ukimuuliza habari atakupa na zile hukuuliza.

"Mzee, watu wa hapa unawajua?" Griffin akasema siku moja.

"Wote, mwanangu. Waliopo na waliotangulia."

"Wacha hizo, mzee. Wote?"

Menza akaenda nyumbani mbio kulileta daftari, amthibitishie. Griffin akalipiga picha ukurasa baada ya ukurasa. Ni za utafiti, akasema.

Baada ya miezi miwili gazeti likachapa barua ya wakazi wa Miritini wakimkana diwani wao, yule aliyekuwa akiwasumbua wakubwa kwa habari za ardhi. Majina yapo, vitambulisho vipo, sahihi zipo. Ila mmoja wa waliotia sahihi alikuwa Kadenge, aliyezikwa miaka mitano nyuma, na mjane wake, Selpher, ndiye aliyekwenda gazetini kupiga kelele. Hapo yakafumuka. Kumbe ile ofisi ilikuwa kikosi cha siri, kazi yake kuwachafulia jina wanaoipinga serikali. Vijana wakatoweka na kompyuta zao. Na kwa kuwa majina yalifuatana vile vile yalivyo kwenye daftari la chama, na Selpher ndiye mwenyekiti wa chama, yeye ndiye aliyekamatwa, akashtakiwa mahakama ya Shanzu kwamba aliwauzia majina.

Menza alinyamaza wiki tatu. Akisema, chama kitamtenga, na kutengwa na chama cha mazishi si kununiwa tu, ni kufa bila wa kukubeba. Hakuwa na mke wala mtoto. Lakini asiposema, Selpher atafungwa. Wiki ya nne akapiga pasi koti lake, akaenda mahakamani kutoa ushahidi.

"Mzee," wakili wa Selpher akamuuliza, "marehemu anaweza kutia sahihi?"

"Hawezi, mheshimiwa. Huyu Kadenge hata alipokuwa hai alikuwa akipiga kidole."

Watu wakacheka. Selpher naye akacheka.

"Sasa hicho kikosi kilipata wapi jina lake?"

"Kwangu. Niliwapelekea daftari mimi mwenyewe, na chai nikanywa."

Kicheko kikakatika.

Selpher aliachiliwa siku ile ile. Langoni wanachama walikuwa wakipanda basi la kukodi, na Menza amesimama kando, kofia mkononi.

"Umenitoa, Menza," Selpher akasema.

"Na mimi ndiye niliyekutia, mama."

"Ndiyo. Ulinitia." Akakanyaga ngazi ya basi. "Daftari mpelekee Mwende kesho, karani sasa ni yeye. Umpe palepale mlangoni."

"Na mimi nikifa, Mama Selpher?"

"Ufe kwanza. Tutaona."

Basi likaondoka na viti vitupu viwili au vitatu.

Jumamosi iliyofuata kukawa na matanga nyumba ya tatu kutoka kwake. Menza alioga, akavaa koti, akafunga viatu, akakaa kizingitini kungoja kuitwa. Wapitao njia walikuwa wale wale wa siku zote, na kila mmoja alikuwa na haraka. Nyimbo zilipoanza alizisikia vizuri. Akaitikia sauti ya wanaume, chini chini, ubeti baada ya ubeti, mpaka jeneza likatolewa.