Nilivyomsubiri Binti Yangu Afike Sura ya Saba

Kitabu nilikikuta chini ya mto wake Jumamosi moja ya mwezi wa kumi, nilipokuwa nabadilisha mashuka. Kilikuwa chembamba, jalada limekunjamana pembeni, na ndani yake kulikuwa na karatasi ya pipi ya kijani iliyokunjwa kwa urefu kuonyesha msomaji alipoishia. Nilikaa kitandani nikakifungua bila nia mbaya, kama mwalimu anavyofungua kitabu chochote kinachomjia mkononi. Nilipoinuka, mashuka yalikuwa bado sakafuni na maji ya ugali niliyobandika yalikuwa yamekauka.

Binti yangu alikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la sita. Hadi siku hiyo vitabu vyake nilivijua vyote, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikimletea kutoka kwenye shule ninayofundisha. Vilikuwa vitabu vya vituko. Watoto wanne wanafuata nyayo za mbuzi aliyeibiwa mpaka pangoni. Watoto watatu wanafunga chelezo cha migomba na kuvuka mto uliofurika. Nami vya namna hiyo nilivisoma nikiwa mdogo, hapa hapa Songea, nimejibanza nyuma ya ghala la mahindi ili nisitumwe. Navipenda mpaka leo. Ila ukubwani niligundua jambo lililonikera: katika vitabu vile mama hana kazi nyingine zaidi ya kuwa jikoni watoto wakirudi, na watoto wenyewe ni kama hawana miili. Wanapotea msituni siku mbili, wanalala juu ya mti, na hakuna hata mmoja anayeumwa tumbo.

Kile cha chini ya mto kilikuwa kingine kabisa. Anayesimulia ni msichana wa darasa la sita. Mwanzoni anacheza rede na kombolela, anaiba mapera ya jirani akiwa na rafiki yake, nikadhani ni yale yale. Kisha rafiki anaanza kukataa kucheza. Anakaa kibarazani, ana siri, anamwona mwenzake mtoto. Na sura ya saba msichana anaamka asubuhi, anakuta damu kwenye shuka, anadhani amepata ugonjwa usio na dawa.

Karatasi ya pipi ilikuwa kwenye ukurasa wa mwisho wa sura ya sita. Nilikirudisha kitabu chini ya mto vile vile kilivyokuwa, mgongo ukiangalia ukutani, nikatoka nje nikafagia uwanja ambao ulikuwa umeshafagiwa.

Lazima nieleze mambo yalivyo kwetu. Kuvunja ungo si habari ya mama na binti. Ni ya shangazi, au ya bibi kama shangazi hayupo. Mama yangu alinipeleka kwa bibi akabaki uani anachambua maharage, kama vile nimeingia ndani kusukwa nywele. Hajawahi kunitajia jambo lile mpaka leo. Huko nilikoolewa wamekaza zaidi. Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, ameolewa Nalasi na analima korosho. Tangu mtoto akiwa wa kubebwa mgongoni aliniambia, "Huyu ni wangu. Siku yake ikikaribia niite, usinitangulie." Nikakubali. Mume wangu anaendesha lori la makaa ya mawe, nyumbani huja kama mgeni, na mambo hayo hata nisingejua nimwanzie wapi.

Na hapa ndipo penye kichekesho. Shuleni mimi ndiye mwalimu wa malezi. Kwenye ofisi yangu kuna kabati lenye pedi, sabuni na khanga mbili za akiba, na karibu kila wiki mtoto wa mtu anakuja amejifunga sweta kiunoni, macho chini. Namketisha, namweleza kila kitu kwa majina yake. Kwa mabinti wa wenzangu sina haya hata chembe. Walimu wa kiume wakinisikia ukutani wanahama ofisi.

Lakini kwa wa kwangu nilikuwa nimeufunga mdomo, namsubiri wifi. Nilichokitaka ni kimoja tu: siku ile ikifika, akimbilie kwangu. Hata kama kazi yangu itakuwa kupiga simu Nalasi tu, nilitaka mtu wa kwanza kuambiwa niwe mimi. Sasa kitabu kilikuwa kinataka kunitangulia, na wifi pia.

Nikampigia simu jioni ile ile.

"Shikamoo, wifi."

"Marahaba. Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Wifi, utakuja lini?"

"Korosho ndiyo zinadondoka, nimwachie nani? Kwani mtoto ameshaanza?"

"Bado. Ila kuna kitabu anasoma."

Alicheka mpaka akakohoa. "We mwalimu mzima unaogopa kitabu! Mwache asome. Korosho zikiisha nakuja."

Yeye korosho zilikuwa zinadondoka, mimi moyo ndio ulikuwa unadondoka. Kuanzia Jumatatu nikawa na ratiba mpya. Shule ya binti yangu inawachelewesha kwa masomo ya ziada, kwa hiyo mimi hufika nyumbani kabla yake. Natupa mkoba, sivui hata viatu, naenda chumbani kwake kuangalia karatasi ya pipi imefika wapi. Iko pale pale. Jumanne pale pale. Jumatano, pale pale. Mtoto huyu humaliza kitabu kwa siku mbili, anasoma akila, anasoma akisuuza vyombo mpaka povu linakauka. Nikajiambia ameogopa. Ameona kichwa cha sura ya saba akasita. Nikamhurumia, kisha nikakasirika, kisha nikafurahi, maana kadiri anavyosita ndivyo korosho zinavyopungua Nalasi.

Wiki ya pili nilijaribu kusema. Tulikuwa uani tunamenya nyuzi za majani ya maboga, kazi nzuri kwa maongezi kwa sababu mikono inashughulika na macho yana pa kuangalia.

"Kusoma kunaendaje?" nikamuuliza.

"Vizuri, mama."

"Hakuna sehemu iliyo ngumu?"

Aliacha kumenya. "Ipi?"

"Yoyote ile."

"Wewe unaona ipo?"

Alinitazama moja kwa moja, jani mkononi. Maneno ninayoyasema shuleni kila wiki yalikuwa yote yapo, yamejipanga. Nikasema, "Hisabati. Hisabati lazima iwe ngumu, darasa la sita." Akasema ndiyo, hisabati ni ngumu, akaendelea kumenya. Usiku wake nilijilaani kwa lugha zote ninazozijua.

Baada ya hapo kitabu kikaanza kuhama. Siku moja hakikuwa chini ya mto, kilikuwa juu yake. Siku nyingine nilikikuta kwenye kiti cha sebuleni, halafu kwenye meza ya chakula karibu na kikombe changu. Karatasi ya pipi haikusogea hata ukurasa mmoja. Nikawaza labda amekichoka, anakitupatupa. Na Ijumaa moja, nilipokaa kusahihisha, nikakikuta juu kabisa ya rundo la madaftari ya wanafunzi wangu.

Nikamwita. Nikamfokea. Nilimwambia kitabu cha kuazima hakiachwi ovyo, kina muhuri wa shule, kikipotea nani atalipa, na kwamba uzembe wa namna hiyo mimi siupendi kabisa. Alisimama mlangoni akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaja akakichukua, akaondoka nacho amekikumbatia kifuani.

Siku iliyofuata, yeye akiwa amekwenda mazoezi ya kwaya, nilikisoma kitabu mpaka mwisho. Nilijidanganya kuwa nakagua. Ukweli ni kwamba sikuwa na wasiwasi na yule msichana, nilitaka kujua mama yake alifanya nini. Basi yule mama, alipoliona shuka, alisema, "Kaoge," akatoka kwenda kwa jirani kuomba chumvi. Chumvi! Nilikibwaga kitabu kitandani. Nikamtukana mwandishi kwa sauti, nikamwambia mama wa kweli hawezi kufanya hivyo, hujui kitu wewe, huna mtoto wewe. Nikatembea kutoka chumbani mpaka mlangoni, nikarudi, nikatembea tena. Nilikuwa na hasira za mtu aliyepigwa picha bila kuambiwa. Kisha nikakirudisha kitabu mahali pake, karatasi ya pipi mwisho wa sura ya sita, na nikaenda kupika.

Wifi alikuja mwezi wa kumi na mbili, shule zikiwa zimefungwa na mvua zimeanza. Alishuka stendi na mfuko wa korosho, na kitenge kipya kwa ajili ya mtoto. Alikula, akapumzika kidogo, akamwita mpwa wake chumbani wakafunga mlango. Mimi nikabaki uani. Nilichukua ufagio, nikakumbuka uwanja umejaa tope, nikaurudisha. Nikachambua mchele uliokwisha kuchambuliwa. Niliwaza wakitoka humo nitajifanya sijui kitu, kama mama yangu alivyojifanya, na wazo hilo likanichoma.

Hata robo saa haikupita mlango ukafunguliwa. Wifi alikuja akasimama mbele yangu, mikono kiunoni.

"Wifi, umeniita kufanya nini?"

"Kwani vipi?"

"Huyu mtoto ameshakuwa mkubwa. Tangu mwezi wa nane. Ananieleza yeye, mimi nasikiliza!"

Nilimwambia haiwezekani. Nilimwambia amekosea, labda hakumwelewa. Nikahesabu kwa vidole, wa nane, wa tisa, wa kumi, wa kumi na moja, na nilipofika hapo nikaketi juu ya kinu.

"Nani alimwelekeza?" nikauliza.

"Mwalimu wao wa malezi. Ndiye aliyempa vitu vya kujisitiri, na hicho kitabu juu." Wifi alinitazama, na sauti yake ikashuka. "Haya nenda. Kazi yangu imeshafanywa na wengine. Nenda wewe."

Nilimkuta amekaa kitandani, kile kitenge kipya mapajani. Nilikaa kando yake. Sikujua nianzie wapi, nikaanzia pabaya, kama hakimu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Shangazi alishaniambia zamani, mambo hayo simwambii mama."

"Na kitabu? Mbona ulikwama pale?"

"Sikukwama. Nilikimaliza mwezi wa nane. Nimekisoma mara tatu." Alikuwa anakunja pindo la kitenge na kulikunjua. "Nilikuona siku ile unakisoma. Nilirudi mapema, kwaya iliahirishwa, nikakuona dirishani, umekaa na mashuka chini. Nikarudi nje. Nikasema basi, mama atasoma sura ya saba, halafu ataniuliza. Sikuruhusiwa kukwambia, lakini wewe ukiniuliza si ni sawa? Nikaiacha karatasi pale ili ujue ni pale. Nikakuwekea mezani. Nikakuwekea kwenye madaftari yako."

Nilikuwa nataka aje kwangu, hicho tu ndicho nilichokuwa nataka, na kumbe alikuwa akija kila siku kwa wiki sita, na mimi namrudisha. Tena kwa kumfokea. Nililia mbele yake bila kujificha, mpaka akaogopa akaniuliza kama anaita shangazi.

"Usimwite," nikamwambia. "Siku ile ya kwanza ilikuwaje?"

Akaniambia. Alichukua muda, mvua ikaanza na ikakatika, na wifi alipita mlangoni mara mbili akikohoa kikohozi cha kutaka kusikia. Niliambiwa mambo ya miezi minne ambayo nilikuwepo nyumbani na sikuyaona. Niliyotaka kumfundisha alikuwa anayajua, na mengine aliyasema vizuri kuliko mimi. Nilibaki kuuliza tu, na kila nilipouliza alisogea kidogo.

Yule mwalimu wake sijaenda kumshukuru. Ninamfahamu kwa sura, hununua mboga soko moja na mimi, tunaamkiana. Kila nikimwona najiambia leo namsimamisha, kisha najifanya nachagua nyanya. Nina wivu, nakubali. Yeye aliambiwa kwanza.

Ila ofisini kwangu kuna kitu nimekibadilisha. Mtoto wa mtu akija na sweta kiunoni, namketisha, namweleza, nampa anachohitaji, kisha namwambia leo hii ukifika nyumbani mwambie mama yako. Karibu wote wananijibu vile vile, kwamba mama hataki kusikia mambo hayo. Nawaambia anataka. Nawaambia anataka sana, ila anaogopa kuliko wewe.