Namba Tano Aliyomficha Wifi

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, na meza ya jikoni inatetemeka. Mwanamke wa miaka hamsini na mbili ameinamia donge la unga, vumbi jeupe la unga limemfika viwikoni, anakanda kana kwamba donge hilo limemtukania mama yake. Kila baada ya muda ananyoosha shingo na kuchungulia dirishani. Ng'ambo ya ua, jiko jingine limeshawashwa taa.

"Yule pale," anasema bila kuulizwa. "Ameshatoa trei ya kwanza. Mimi bado nahangaika na mikono."

Mtaa mzima unamwita Mama Skonzi. Kwa miaka kumi na moja ameoka nyumbani kwake skonzi za chumvi: za jibini, za kitunguu cha majani, na za pilipili manga ambazo wazee huzipenda kwa sababu, kama wanavyosema, zinaamsha ulimi. Za sukari na zabibu haoki. Hizo, anasema, ni za kubembelezea watoto.

Huyo wa ng'ambo ya ua ni wifi yake, mdogo wa mumewe. Alirudi kwa kaka yake miaka miwili iliyopita, baada ya kiwanda cha nguo alichokuwa akishonea kufunga milango. Alikuja na begi moja na cherehani isiyo na sindano.

Ukiwasikia wanavyosalimiana utadhani mapacha. "Wifi, umeamkaje?" "Salama wifi yangu, sijui wewe." Mpita njia atajiendea zake akiamini kuna nyumba zenye bahati.

Mama Skonzi hataki nidanganyike kama mpita njia.

"Mwandishi, nikufiche ili iweje? Namwonea wivu," anasema, ngumi ikizama kwenye unga. "Namwonea wivu mpaka chakula hakishuki. Nikisikia geti linalia, naomba awe mteja wangu. Nikiona amekata kona kwenda kule, najisikia kama nimepigwa kofi."

Ana sababu ya kusikiliza geti. Miaka miwili nyuma alikuwa akiuza skonzi tisini kwa siku, nyingi zikienda kwenye kantini ya hospitali iliyo mtaa wa pili. Ndizo zilizoezeka upya paa la nyumba hii na kumsomesha binti yake mkubwa ufundi wa umeme. Sasa akiuza thelathini na tano anashukuru. Zilizopungua hazikupotea njia. Zimevuka ua tu.

Na aliyemfundisha wifi kuoka ni yeye mwenyewe.

"Mume wangu aliniomba. Akasema, mama watoto, mshike mkono dada yangu, asikae bure. Ningesema hapana, ningeonekana na roho ya korosho. Nikasema sawa. Lakini moyoni, mwandishi, moyoni nilisema, huyu nikimpa kila kitu nitakula nini?"

Basi akafanya jambo ambalo hajawahi kumsimulia mtu. Alichukua daftari lake la mapishi, lenye hatua saba zilizopigwa namba, akamnakilia wifi kwenye karatasi. Namba moja, chekecha unga na bekini pauda na chumvi. Namba mbili, fikicha siagi baridi kwa ncha za vidole. Namba tatu, jibini na majani ya kitunguu. Namba nne, maziwa mgando, ukusanye unga uwe donge. Alipofika namba tano, ile anayoiita siri ya mikono yake, akairuka.

Namba tano inasema: kanda robo saa, mpaka mkono uchoke.

"Nilifikiri bila kukanda zitatoka makapi," anasema. "Nilitaka aoke mara mbili tatu, ashindwe, arudie cherehani yake. Unaweza kuandika hivyo. Ndivyo ilivyokuwa."

Tatizo ni kwamba alinakili kwa haraka. Aliruka hatua, akasahau kupanga namba upya. Kwenye karatasi ya wifi, baada ya nne ikaja sita.

Wifi aliliona siku ileile. "Wifi, mbona hapa baada ya nne inakuja sita? Tano iko wapi?" Mama Skonzi akajibu kwamba alikosea kuhesabu. Wifi akaitikia, akaibandika karatasi ukutani, akaenda kuoka.

Skonzi zikatoka zimeinuka, laini, zinapasuka zenyewe katikati ukizishika.

Yeyote aliyewahi kuoka skonzi ameshacheka hapa. Skonzi si mkate. Unga wake haukandwi. Unakusanywa kwa upole, unabonyezwa, unakatwa kwa glasi, unaingia kwenye oveni kabla haujajua kinachoendelea. Ukiukanda, unakuwa mgumu. Mama Skonzi alifundishwa na mama yake mzazi, ambaye maisha yake yote alioka mikate, na mkono wa mkate ndio aliourithi. Kwa miaka kumi na moja wateja walikuwa wakimwambia, "Mama, skonzi zako zinashika tumbo, ukila moja ni mpaka jioni." Alidhani wanamsifu.

Mumewe, fundi viatu, naye alichangia kidonda. Siku moja alionja ya dada yake, akaonja ya mkewe, akasema kwa nia njema kabisa kwamba ya dada ni laini na hii ni soli imara.

"Nilitania tu," ananieleza mlangoni, akivaa aproni yake ya kazi na kumtazama mkewe kwa tahadhari. "Nilijipikia siku tatu."

"Nne," anasema mkewe.

Ukweli ulimfunukia wiki tatu zilizopita. Aliungua kiganja cha kulia kwenye mlango wa oveni, akawa hawezi kukanda. Alikuwa na oda, hivyo akakusanya unga kwa mkono mmoja, akakata, akaoka huku akijua anaharibu mali. Zilipotoka alisimama mbele ya trei akashindwa hata kuita mtu. Mumewe alikula nne mfululizo, akafuta mdomo, akauliza, "Dada ametuletea?"

"Nilitoka nje nikalia nyuma ya tangi la maji," anasema. "Sikulia kwa kiganja. Nililia kwa sababu nilimnyima kitu ili aanguke, na kumbe nimemnyima kile kinachoniangusha mimi."

Kiganja kimepona. Na bado asubuhi hii anakanda. Namuuliza kwa nini.

"Nikiacha, nimekubali. Watu watasema Mama Skonzi anamwiga mwanafunzi wake. Bora niendelee na ugumu wangu."

Angeweza kuendelea hivyo miaka mingine kumi, kama si mpishi mkuu wa kantini. Mpishi huyo ametangaza kwamba amechoka kupokea trei kutoka milango miwili ya ua mmoja. Jumatatu ijayo ataonja skonzi za wote wawili, na atakayemridhisha atapeleka skonzi mia na ishirini kila siku. Wa pili atabaki na wateja wa getini.

Tangu tangazo hilo, wifi halali vizuri. Yeye naye ana hofu yake, na inahusu ileile namba inayokosekana. Anaamini skonzi zake zina kasoro, kwa kuwa hazishibishi kama za mwalimu wake, na kwamba dawa iko kwenye hatua ya tano. Kila jioni anakuja kuomba. Wifi, nihurumie. Wifi, hata ukininong'oneza.

Hapo ndipo Mama Skonzi alipokwama. Hahitaji kusema uongo wowote. Akimpa wifi kile hasa kilichoandikwa kwenye daftari, kwa mwandiko wake mwenyewe, wifi atakanda robo saa, atapeleka mawe kantini, na kazi itarudi upande huu wa ua. Na hakuna atakayemlaumu, maana ameombwa, tena kwa machozi.

"Shetani hajawahi kunirahisishia kazi namna hii," anasema.

Saa moja na nusu mlango unagongwa. Ni wifi, mwanamke mwembamba wa miaka thelathini na minane, kilemba kimekaa upande. Mkononi ana ile karatasi, imebanduliwa ukutani na kona moja imechanika. Sikioni ameweka kalamu.

"Shikamoo wifi. Karibu mgeni," anasema kwa pumzi moja. "Wifi, leo siondoki. Zimebaki siku nne. Niambie tano ni nini, hata kama ni dua niisome."

Mama Skonzi anafuta mikono kwenye khanga. Anaangalia donge lake mezani, lililokandwa likakandika, linang'aa. Mumewe anaacha kufunga kamba za aproni.

"Andika," anasema hatimaye.

Wifi anashusha kalamu.

"Usikande."

"Usikande tu?"

"Usikande. Mtu yeyote akikwambia ukande, hata mimi, hata akikuonyesha daftari, usikubali." Anasukuma donge lake pembeni. "Kwangu imeandikwa kanda robo saa. Nilikuficha makusudi, wifi. Nilitaka zako ziharibike, zikatoka bora kuliko zangu."

Mumewe anainamisha kichwa. Wifi anaiangalia karatasi, kisha donge, kisha karatasi tena.

"Kwa hiyo zangu ni nzuri kwa sababu ya roho yako mbaya?"

"Ndiyo."

"Miaka miwili nakuita wifi yangu asubuhi na jioni."

"Ndiyo, wifi."

Anaikunja karatasi mara nne na kuiingiza kifuani. Mlangoni anageuka, macho yamemjaa maji.

"Na wewe ulivyojua, mbona unakanda mpaka leo?"

Mama Skonzi anainua mikono yake miwili, kisha anaishusha.

"Jumatatu usikande," anasema wifi. "Mimi sitaki kuzishinda skonzi ngumu. Hasira zangu nitakuletea Jumanne."

Anavuka ua bila kuaga. Dirisha lake, ambalo huwa wazi siku nzima, linafungwa.

Mumewe anatoka polepole kwenda kazini. Mama Skonzi anabaki amesimama, kisha anachota unga mpya kwenye beseni, anakata siagi vipande vidogo na kuanza kuifikicha kwa ncha za vidole. Inapofika zamu ya kukusanya donge, mikono inataka kukanda kwa mazoea. Anaupiga mmoja kwa mwingine, kama mtu anayemkanya mtoto, na kuuacha unga ulivyo, na mabonge yake.

Namuuliza anatarajia nini Jumatatu. Nilidhani atasema msamaha.

"Msamaha nitauomba, na nitauomba sana, maana nimemkosea," anasema, akigandamiza glasi kwenye unga na kuiinua moja kwa moja juu. "Lakini Jumatatu nataka kushinda. Nataka yule mpishi aonje yangu, afumbe macho, akiyafumbua amtazame wifi kwa huruma."

Anachungulia lile dirisha lililofungwa.

"Mara moja tu, mwandishi. Baada ya hapo nitampenda vizuri."