Majina Yote ya Chongqing

Juzi nilivuka daraja la Busisi kwa dakika chache tu, hata hamu ya samaki wa kukaanga wa pale tulipozoea kungoja kivuko haikupata nafasi ya kunishika. Mbele, baada ya Sengerema, nikakuta kibao: Mkoa wa Geita. Nikacheka peke yangu. Nyumba ya bibi haijasogea hata hatua moja, ila siku hizi imo katika mkoa mwingine.

Miaka ya tisini, mitumba ilipoanza kujaa magulioni, bibi alikuwa na ahadi moja. Daktari Mchina aliyemtibu magoti kwa sindano nyembamba kule Mwanza alikuwa amerudi kwao, na kabla hajaondoka bibi alimwambia: siku nitakayochuchumaa tena nikakata viazi, utaniona kwenye picha. Siku hiyo ikafika. Akapigwa picha amechuchumaa kati ya michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyoanikwa juu ya jiwe, anacheka mpaka pengo linaonekana.

Tatizo likawa anwani. Daktari alituachia mji wa Chongqing, jimbo la Sichuan. Lakini mwalimu wetu wa jiografia, aliyeitwa kuandika bahasha, alikuwa amesikia redioni kwamba Chongqing umetolewa Sichuan.

"Umehamishwa?" bibi akashtuka.

"Hapana, bibi, uko palepale. Zamani sana uliitwa Yuzhou. Wakati wa vita na Wajapani serikali yao ilikaa hapo. Baadaye ukaingizwa Sichuan, sasa unajitegemea."

"Kumbe kama mimi," jirani aliyekuja kutazama akadakia. "Nimeolewa, nimerudi kwetu! Mama, hiyo barua itazurura mpaka magoti yaume tena."

Bibi hakucheka. "Andika yote, mwalimu. Nilipoolewa hapa, ndugu zangu walinipata kwa kuuliza jina la zamani la kilima hiki. Vijana hawakulijua. Kikongwe mmoja akalijua."

Mwalimu akayapanga majina yote matatu, Chongqing, Sichuan na Yuzhou, moja chini ya jingine. Mimi nikaifunga bahasha kwa ugali.

Mvua zikaja, zikaisha. Kila mwalimu alipomwamkia, bibi aliuliza kabla ya kusema marahaba: "Wachina wamesemaje?" Hatimaye, kwenye sanduku la posta la shule, ikaja bahasha nyembamba. Ndani mna picha: daktari naye amechuchumaa, nyuma yake ngazi ndefu za mawe. Kwenye anwani ya kwao aliandika Chongqing, basi. Kwenye yetu, juu ya namba ya sanduku la shule, kwa Kiswahili alichojifunza wodini: Bibi wa Magoti, Geita, Mkoa wa Mwanza.

Bahasha hiyo ninayo. Kwenye lile jiwe hakuanikwi kitu tena, na bibi amelala kaburini nyuma ya nyumba. Nimemwandikia daktari kumpa habari, kama bado yupo. Kwenye anwani yetu nimeweka Mkoa wa Geita, na chini yake: zamani Mwanza. Asije akadhani tumehama.